Mezani kwa Wifi

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani, na kama alivyozoea kuikagua nguo kwa ndani, ndivyo alivyowakagua na watu. Kwa hiyo mumewe alipomwambia, "Dada anakualika chakula kibandani kwake," aliliweka chini gauni alilokuwa akilipinda.

"Anataka nini?"

"Anataka ule."

"Yule? Miaka yote tukikutana misibani ananipa ncha za vidole, leo anataka nile?"

Alikwenda, ila kwanza alikula mkate nyumbani.

Kibanda cha wifi yake kilikuwa karibu na ufukwe, mabati juu, mchanga chini. Ulikuwa wakati wa chakula cha mchana, lakini benchi zilikuwa tupu. Hilo nalo lilimtia wasiwasi. Zamani watu walikuwa wakila hapo wamesimama.

"Karibu wifi, karibu sana!" Wifi akamfutia benchi, kisha akaleta sinia: samaki wa kuchoma, ngisi wa kukaanga, bakuli la mchuzi wa kamba, na ndimu pembeni. Minofu mizuri yote ilikuwa upande wa mgeni. Mama Sindano akalizungusha sinia taratibu, kama anayetafuta ndimu, minofu ikahamia upande wa pili.

"Anza wewe, wifi."

Wifi akala bila kusita. Akatafuna, akameza, uso haukuonyesha lolote. Mama Sindano akawaza: ni lile shamba la marehemu mama mkwe? Au wanataka kumuoza binti yangu kwa mtu wao? Akaonja ngisi. Akaonja na mchuzi.

"Vipi?" Wifi alikuwa amemkodolea macho.

"Sema kwanza ulichoniitia. Mimi si mtoto."

Wifi akanawa mkono polepole. "Tangu ile homa, sisikii ladha. Wala harufu. Chumvi natia kwa kukisia. Nikiwauliza wateja, wanasema tamu, mama, tamu, halafu hawarudi. Ndugu nao wananionea haya. Wewe hujawahi kunisifia hata maji ya kunywa."

"Na kaka yako?"

"Kaka yangu anakula chochote. Si unamjua?"

Mama Sindano nusura acheke. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta uongo.

"Ngisi amejaa chumvi mpaka ulimi unawaka," akasema. "Mchuzi hauna chumvi hata chembe. Anayelika ni samaki tu."

Wifi akajifunika uso, mabega yakatikisika. Kisha akainuka, akaleta mwiko na kopo la chumvi, akavisukuma mbele ya Mama Sindano.

Siku hizi Mama Sindano hupita kibandani kabla ya kukaa kwenye cherehani. Huonja kila sufuria, hugomba, hukamua ndimu. Benchi zimeanza kujaa tena.

"Kwa hiyo mmepatana?" mumewe alimuuliza.

"Nani kakwambia? Yule ameshapona zamani, ananifanyisha kazi tu."

"Sasa mbona unakwenda?"

"Nataka nimnase."