Nyuzi Zilizoimba Siku ya Fainali

Nikiri mapema: tenisi naiweza, mdomo wangu ndio siuwezi. Mwaka 1991 nilikuwa nafundisha Kifaransa hapa Kigali, na nilikuwa nimefika fainali ya wanawake katika klabu yetu. Nyuzi za raketi yangu zilikatika, nikaipeleka kwa Mzee Gaspard, fundi wa raketi mtaani Remera, pamoja na nyuzi za utumbo wa ng'ombe ambazo kaka yangu aliniletea kutoka Ubelgiji.

"Madamu, tuweke hizi za sintetiki," alinishauri. "Iko bei nafuu, na mvua haiziharibu."

"Mimi sichezi na nailoni," nilimjibu.

Siku ya mechi niliikuta raketi kwa mlinzi wa klabu, imeshafungwa nyuzi. Nikamshinda Odette, bingwa wa miaka mitatu mfululizo, mbele ya wanafunzi wangu. Ushindi huo hakuna wa kuninyang'anya hadi leo.

Tatizo ni hotuba iliyofuata. Nilimpa Odette raketi, nikamwambia agonge nyuzi karibu na sikio lake.

"Unasikia? Sintetiki haiimbi hivyo. Mimi naitambua hata nikifumba macho."

Watu waliitikia kwa heshima. Ndipo Mzee Gaspard akaingia akihema, kofia mkononi.

"Madamu, unisamehe. Paa langu lilivuja, utumbo wote ukaharibika. Niliweka zile za bei nafuu ili usikose mechi. Iko sawa?"

Odette, raketi ikiwa bado sikioni, akamgeukia taratibu.

"Mzee, kesho nakuletea yangu. Niwekee hizo hizo zinazoimba."