Sanduku Langu Kwenye Gati la Nansio

Juzi nilivuka kwenda Nansio nikiwa nimefura. Uhuru tumeupata, na vijana wetu wakimaliza chuo wanakimbilia viti walivyoacha Wazungu! Shule yetu mpya ya Pasiansi haina mwalimu, na kamati ilinituma mimi, msomi wake, nikambembeleze mhitimu mmoja aliyerudi kwao aje kufundisha.

Gatini kijana pekupeku, mwenye tope hadi magotini, alinipa shikamoo akapokea sanduku langu. Nilipomtajia nyumba ninayokwenda, akatangulia. Nikamhutubia njia nzima.

"Ungesoma usingebeba mizigo! Ingawa hao wasomi nao wanajua kufunga tai tu. Huyu ninayemfuata hajawahi kushika jembe, naapa!"

"Ndiyo, mzee."

Mlangoni mama mwenye nyumba alitupokea akicheka. "Karibu, baba! Kumbe mmeshakutana na mwanangu? Nilimwacha shambani akinilimia."

Nikamgeukia kijana. "Mbona hukuniambia?" nikafoka. Mimi, wa kufoka!

"Mzee, ningekukatizaje?" Akatua sanduku, akanivutia kiti, akaketi chini. "Haya, niambie. Umenifuatia nini?"