Neno Moja la Anko Gerishom

"Anko, mbona kwenye filamu huwa huongei?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, kwenye sofa yetu hapa Al Garhoud, huku Uarabuni. Anko Gerishom, kaka yake mama, alikuwa amevua viatu, macho kayafumba nusu.

"Wengine wanaongea sana, Daisy. Lazima mmoja anyamaze."

Alikuwa bawabu wa hoteli Al Rigga; kazi ya kufungua mlango na kuinama, kutwa. Siku ya mapumziko, wenzake wakilala huko kambi ya wafanyakazi, Muhaisnah, yeye alikwenda kuigiza wale watu wa nyuma ya nyota wa filamu: dereva, maiti, mlinzi. Kwenye tangazo moja la manukato nilimtafuta wee, nikapata sikio. Nilivyolishangilia lile sikio!

Zedekiya, Mganda aliyelala naye chumba kimoja, hakumwacha kwa utani. "Bwana Mgongo! Leo umefia wapi?"

"Kwenye lifti. Nimekufa vizuri mpaka nikakoroma."

Lakini nyanya, kule nyumbani Vihiga, macho yalikuwa yamekwisha, na majirani walimwambia mgongo ule wa kwenye filamu ungeweza kuwa wa yeyote. "Atamke hata neno moja," alisema kwenye simu, "nitamjua mwanangu." Anko hakutaka kingine tena.

Mwaka 2015 akalipata. Mlinzi wa mlangoni: tajiri anakuja, yeye anainua mkono, anasema, "Huingii!" Alifanya mazoezi kwetu, kaziba mlango wa jikoni.

"Huingii!"

"Gerishom, ugali wangu unaungua!"

"Huingii, madam!"

Tulicheka hadi mama akampiga na taulo.

Filamu ilipotoka, neno lilisemwa na mtu mwingine. Anko alikuwa nyuma yake, bega tu. Nyanya aliwekewa filamu kwa sauti ya juu, akaisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mbona hajaja?" Kumuuliza Anko, hakuna aliyethubutu.

Mwaka huu, 2019, magoti yamemshinda, anarudi Vihiga. Jana nilikuwa namsaidia kufunga begi, nikauliza tena swali langu la zamani. Alikaa juu ya begi, akasugua goti.

"Yule jamaa wa kuigiza tajiri alikuja na suti, Daisy. Mkono ukaenda mlangoni wenyewe. Nikamfungulia, nikainama: karibu sana, sir. Wakarudia. Nikamfungulia tena. Mara ya tatu nilijishika huu mkono na huu mwingine, mdomo ukasema karibu. Wakaniambia khalas, basi, simama kule nyuma."