Julia Bartholomayo na Swali la Kumi na Nne

Julia Bartholomayo alipata alama ishirini na tisa kati ya hamsini. Zilizohitajika ni thelathini. Mwalimu Violet aliziandika juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, akazizungushia duara, akamrudishia karatasi bila kumtazama usoni. Wakati huo Julia alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja. Violet alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwao Kagera mtu hamwambii mama wa rika hilo kwamba ameshindwa.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya mwisho ya Februari, ndani ya ukumbi wa kanisa mjini Newala ambao siku za kazi hugeuka darasa la watu wazima. Jaribio lile ndilo lililokuwa likiamua nani asajiliwe kufanya Mtihani wa Maarifa mwezi Novemba, mtihani wa wale ambao hawakupata kusoma sekondari, unaowafungulia njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne. Asiyefikisha thelathini, kituo cha masomo hakipeleki jina lake. Hungoja mwaka.

Kwa Julia mwaka ulikuwa na uzito wake. Kwa miaka tisa amekuwa kibarua wa kufua mashuka katika kituo kimoja cha afya cha binafsi. Mfawidhi wa kituo alikuwa amemwita ofisini mwezi wa Desemba, akamwambia kwamba mwaka unaofuata ataajiri mfuaji mmoja wa kudumu, na kwamba akisajiliwa kufanya Mtihani wa Maarifa atafikiriwa kabla ya mwingine yeyote. Asiposajiliwa, nafasi itatangazwa kwa watu wote. Julia alirudi kwenye karo la kufulia, akamaliza mashuka ya wodi ya wazazi, na Jumanne iliyofuata akajiandikisha darasani.

Darasa lina wanafunzi kumi na wanne. Hukutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Siku ambazo maji hayajapanda kwa pampu kutoka bondeni, Julia hufika mapema, kwa kuwa hakuna cha kufulia. Siku maji yakitoka, hufika amechelewa na viganja vyeupe kwa sabuni, akasimama mlangoni hadi aambiwe aingie.

"Shikamoo, Mama Stella," Violet humwambia. Stella ni binti wa kwanza wa Julia.

"Marahaba, mwalimu. Samahani, leo maji yametukumbuka."

Violet anafundisha ufahamu kwa utaratibu mmoja tu, na haubadilishi. Soma habari yote. Soma swali. Ziba majibu kwa kiganja. Sema jibu lako kwa maneno yako mwenyewe. Kisha ondoa kiganja, uliulize kila jibu, A hadi D: wewe umetoka mstari wa ngapi? Lisiloweza kuonyesha mstari wake, likate. Yakibaki mawili, rudi kwenye habari, soma aya nzima, maana jibu la uongo huwa na nusu ya ukweli ndani yake.

Julia aliuelewa utaratibu huu upesi kuliko wengi. Alimweleza Dickson, kijana wa bodaboda anayekaa naye benchi moja, kwamba ni sawa na kupokea mashuka. "Shuka lisilo na alama ya wodi silipokei. Hata liwe safi namna gani."

Ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Aliingiza kwenye habari mambo ambayo mwandishi hakuyaweka. Wiki ya tatu walisoma habari ya mwanamke aliyekwenda kuchota maji asubuhi akarudi mchana. Swali liliuliza kwa nini alichelewa. Habari ilisema wazi kwamba alipita kwa shoga yake wakazungumza. Julia akajibu: foleni.

"Mama Stella, foleni iko mstari wa ngapi?"

"Haipo, mwalimu. Lakini wewe ushawahi kuchota maji hapa Newala?"

Darasa lilicheka, na Violet naye akacheka. Kisha akamkata alama.

Jaribio la Februari halikutungwa na Violet. Lilitungwa na mtangulizi wake, Mwalimu Humphrey, mzaliwa wa Newala aliyehamia Lindi, ambaye hutuma maswali na majibu yake ndani ya bahasha mbili. Swali la kumi na nne lilifuata habari fupi ya kubuni. Aya yake ya mwisho ni hii:

*Mathias alikuwa ametembea tangu alfajiri na tumbo lake lilikuwa tupu. Alipofika kwenye shamba la mtu asiyemfahamu, aliona mabibo yameanguka chini ya mkorosho. Akala matano. Korosho zake akazikusanya pamoja penye shina. Akatazama alikotoka, akatazama alikokuwa akienda. Akazifunika kwa majani makavu. Akavunja kijiti kibichi, akakichomeka kando ya njia, mkabala na mkorosho ule. Kisha akaendelea na safari yake.*

*Swali la 14: Mathias alikusudia nini? A. Kumwachia mwenye shamba korosho zake. B. Kurudi baadaye kuzichukua. C. Kuzikinga zisiliwe na mbuzi. D. Kupumzika kivulini.*

Kati ya wanafunzi kumi na wanne, kumi na mmoja walijibu A. Jibu lililokuwa kwenye bahasha ya Mwalimu Humphrey ni B.

Violet hakuelewa kwa nini watu wengi kiasi kile wameanguka mahali pamoja. Kwao kuna migomba na kahawa. Hakujua kwamba huku, mpita njia akishikwa na njaa, bibo, yaani tunda lenyewe, ni lake na korosho inayoning'inia chini yake ni ya mwenye shamba. Atakula tunda, atakongoa korosho, ataiacha penye shina ili mwenyewe aikute. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa kuhesabu. Basi wale kumi na mmoja walipofika kwenye maneno *penye shina*, waliona wameshamaliza kumjua Mathias. Yaliyobaki waliyapitia kama mtu apitavyo mbele ya nyumba ya jirani.

Julia alikuwa na sababu ya zaidi.

Baba yake, Bartholomayo, alikuwa msoma masomo wa kanisa la Anglikana katika kijiji kilicho kati ya Masasi na Newala. Babu yake alibatizwa na wamisionari, na tangu hapo hapakukosekana mtu wa nyumba ile kanisani. Bartholomayo alimfundisha Julia kusoma akiwa na miaka mitano, kwa kitabu cha sala, kidole kikifuata kila neno. Julia alipokuwa na miaka kumi, msimu wa korosho, baba yake alirudi kutoka sala ya jioni akakatisha shamba la jirani, akala mabibo. Siku ya pili jirani alikuta korosho penye shina, zimefunikwa kwa majani. Shauri lilipelekwa kwa wazee wa kanisa. Wakasema anayemwachia mwenyewe mali yake haifichi. Bartholomayo akasema alizifunika ili watoto wasiziokote kuchezea. Maneno yakaishia hapo. Hakupigwa wala hakushtakiwa. Aliondolewa tu kwenye zamu ya kusoma, na miaka kumi na mitatu iliyobaki ya uhai wake alikaa benchi la nyuma kabisa, akiitikia masomo yaliyosomwa na wengine.

Julia alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa. Aliolewa, akazaa wanne, akafiwa na mume. Katika muda wote huo, anasema, hajawahi kumwambia mtu kwamba baba yake alikuwa mwizi, wala hajawahi kuulizwa.

Darasa la Violet lina desturi waliyoiita kutetea. Karatasi zikirudishwa, kila mwanafunzi ana haki ya kutetea jibu moja, moja tu. Anasimama mbele, anaweka kidole kwenye mstari anaoutegemea, anasoma kwa sauti, anaeleza. Mstari ukimbeba, anapewa alama yake, hata kama bahasha inasema vingine. Mwaka uliotangulia watu wawili waliokoka kwa njia hiyo.

Alhamisi ile, Julia alisimama.

"Natetea la kumi na nne."

"Tetea, mama!" Dickson akapiga meza. "Ukilipata wewe, tumelipata wote." Dickson alikuwa na alama ishirini na nane, na ile ya swali la kumi na nne peke yake isingemfikisha thelathini, lakini alikuwa bado hajatumia utetezi wake.

"Wewe kaa kimya, pikipiki yako imeegeshwa vibaya nje," Violet akamwambia. "Endelea, Mama Stella."

Julia aliweka kidole. "*Korosho zake akazikusanya pamoja penye shina.* Mwalimu, huku kwetu hiyo ndiyo kumwachia mwenyewe. Mwizi hakusanyi penye shina. Mwizi anatia mfukoni."

Akaeleza desturi, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Wengine waliitikia kwa vichwa. Violet alisikiliza, akaandika jambo pembeni ya daftari lake.

"Na majani?" akauliza. "Mbona alizifunika?"

"Watoto. Watoto wakiziona wanaziokota kuchezea. Mtu mwema hufunika." Sauti yake ilipanda kidogo hapo. "Wapo watu waliofanya hivyo, mwalimu. Watu wa kanisa."

"Na kutazama alikotoka?"

"Mgeni shambani kwa mtu lazima atazame. Anamtafuta mwenyewe amwombe."

Violet alieleza baadaye kwamba aliona hoja imesimama. Yeye ni mgeni wa korosho. Mama huyu amezaliwa chini ya mikorosho. Kila aliloulizwa amelijibu. Na alama iliyokuwa ikibishaniwa ilikuwa ile moja ya mwisho.

"Desturi hii sikuijua," akasema. "Nitamwandikia Mwalimu Humphrey. Mama Stella, nakupa. Thelathini."

Makofi yakapigwa. Violet akafungua kifuniko cha kalamu.

Julia hakuwa ameondoa kidole. Kilikuwa kwenye neno *makavu*. Katika kutetea, mtu husoma hadi mwisho wa aya, na ingawa Violet alisahau kumdai, yeye alishazoea tangu kitabu cha sala kwamba kidole hakinyanyuliwi katikati. Akasoma, si kwa sauti ya kutetea tena.

"*Akavunja kijiti kibichi, akakichomeka kando ya njia, mkabala na mkorosho ule.*"

Akasoma tena, midomo ikitembea bila sauti.

"Mama Stella?"

"Ngoja, mwalimu. Usiandike."

"Vipi tena?" Dickson akasema. "Umeshapewa!"

"Kijiti hiki ni cha nani?" Julia aliliuliza darasa. "Mwenye shamba anaijua mikorosho yake yote. Hata usiku wa giza anaifikia. Haonyeshwi kwa kijiti. Kijiti ni cha mtu ambaye mikorosho yote kwake ni mmoja, na anataka kuupata huu huu akirudi."

"Labda alama kwa mwenyewe, kwamba mali yako iko hapa," Dickson akasema. Alikuwa anamsaidia kwa moyo wote.

"Angekichomeka penye shina. Hiki kiko njiani. Kinatazama watu wa njiani, na ni kibichi ili akione." Akageuza karatasi, akaiweka mezani kwa mwalimu. "Ni B. Mathias atarudi."

Violet alikuwa bado ameshika kalamu. "Mama Stella, nimeshasema thelathini mbele ya watu. Utetezi umepita."

"Umepita kwa nusu ya aya, mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Ukiondoa hili huna lingine la kutetea. Unajua?"

"Najua."

Violet akaandika ishirini na tisa kwa mara ya pili, chini ya ile ya kwanza. Dickson hakutetea swali lolote siku ile.

Watu walipotoka, Violet alimbakiza. Alidhani atamkuta na machozi, lakini Julia alikuwa anafunga kitenge chake vizuri kwa safari. Ndipo akamsimulia habari ya baba yake, yote, kwa sentensi chache. Violet akauliza kile ambacho mtu yeyote angeuliza: kama kule kwenye shamba la jirani kulikuwa na kijiti.

"Sijui, mwalimu. Hakuna aliyetazama chini. Walimtazama yeye."

"Kwa hiyo hukubali kwamba—"

"Nakubali kuhusu Mathias. Mathias nimemsoma hadi mwisho. Baba hakuna aliyemsoma hadi mwisho, hata mimi. Nilikuwa nimekwisha kumjibia."

Jumatatu iliyofuata kituo cha masomo kilipeleka majina sita. La Julia halikuwamo. Alikwenda mwenyewe kwa mfawidhi kabla hajaitwa, akamwambia hatasajiliwa mwaka ule. Mfawidhi alimsikitikia kwa dhati, na nafasi ilitangazwa. Aliyeajiriwa ni Careen, msichana wa miaka ishirini na mbili kutoka Tandahimba, mwenye cheti cha kidato cha nne. Ni mchapakazi na ana adabu. Wiki mbili za kwanza Julia ndiye aliyemfundisha kazi: mashuka ya upasuaji yanakaa kwenye maji baridi kwanza, maana maji ya moto hugandisha damu, mashuka ya wodi ya wazazi hayachanganywi na mengine, siku maji ni ndoo nne tu, anzia na ya watoto. Sasa Careen ndiye anayesaini daftari la mahudhurio ya vibarua. Jina la Julia ni la kwanza kwenye ukurasa.

Careen alipata habari ya swali la kumi na nne kwa Dickson, ambaye ameisimulia karibu kwa kila abiria. Siku moja, wakikamua shuka, mmoja huku na mwingine kule, alimuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli."

"Si ungenyamaza tu, Mama Stella? Mwalimu alishakupa."

"Kamua vizuri upande wako," Julia akamwambia. "Maji yote yanakuja kwangu."

Februari ya mwaka huu alifanya jaribio jingine, akapata thelathini na sita. Hakutetea swali. Atakaa kwenye chumba cha mtihani Novemba, na kama atafaulu, mtihani wa kidato cha nne utakuja mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Kituo cha afya hakina nafasi nyingine ya mfuaji, na mfawidhi hajaahidi kwamba itakuwapo.