Kuku Aliyerudishwa

Ninaponusa sakafu ya udongo iliyonyunyizwa maji ili vumbi litulie, ninarudi kwenye kanisa letu la mabati kule Ikutha. Nina miaka saba, macho mazito kwa usingizi, na kuku amenilalia mapajani. Huenda nawe unaijua harufu hiyo. Kwangu ni harufu ya Jumapili niliyoielewa vibaya karibu maisha yangu yote.

Dada yangu mdogo, Mwende, alikuwa mgonjwa wa moyo. Akitoka jikoni hadi kwenye mtungi wa maji, midomo yake iligeuka rangi ya zambarau, akachuchumaa kimya kama anayesikiliza ardhi. Daktari alisema apelekwe Nairobi, na nauli hatukuwa nayo. Ndiyo sababu baada ya ibada kulikuwa na mnada, nami nikatoa kuku wangu mweupe niliyemlea tangu akiwa kifaranga.

Aliyenadi ni Mzee Musyoka, mtu wa sauti nene.

"Tazameni mapaja haya! Huyu hata kivuli chake kinataga! Wewe Mutua, mfuko wako umeshonwa?"

Watu wakacheka. Mutua akamnunua, akalipa, akampapasa mgongo, akasema, "Namrudisha." Akanadiwa tena. Mama Kalekye, jirani yetu, akamnunua, naye akasema vivyo hivyo. Kuku alipita mikononi mwa watu katika miale iliyopenya matundu ya mabati, mweupe, polepole, kama wingu lisilojua litanyeshea wapi. Nilimtazama kama niko ndotoni. Kisha nikazinduka: hawamtaki! Siku hizo baadhi ya majirani walikuwa wameacha kunywa maji kwetu, wakinong'ona juu ya ugonjwa wa Mwende. Basi hata kuku wetu wanamwogopa, nikawaza.

Nilimnyakua mikononi mwa Mzee Musyoka, nikatoka mbio. Pale kwenye ua wa mkonge akanichoropoka, akapotelea vichakani.

Nikarudi kanisani mikono mitupu. Mzee Musyoka akainama, akaokota unyoya mmoja.

"Bwana asifiwe! Kuku ametangulia Nairobi kumtafutia Mwende kitanda. Nani ananunua unyoya?"

Wakacheka hadi mabati yakaitikia. Unyoya ukanunuliwa, nao ukarudishwa, ukanunuliwa tena. Mama alinishika bega. "Kilonzo, keti. Tutaongea nyumbani."

Hatukuongea. Alfajiri alimfunga Mwende mgongoni kwa leso, wakaondoka kuelekea Kibwezi kupanda gari la moshi. Waliporudi, mvua ilikuwa imenyesha na ndengu zimekomaa. Mwende alikuwa mbele, anakimbia. Nilifurahi, lakini watu wa kanisa lile sikuwasamehe.

Nilikua na kinyongo hicho. Nilipopata kazi ya ukarani katika mji mdogo wa Kwa Vonza, kila nilichonunua kwenye minada ya kanisa nilikibeba hadi nyumbani, kichwa juu. Wengine wakirudisha, nilisema moyoni wana dharau. Mimi namheshimu aliyetoa.

Ni Mwende aliyenifungua macho, sote tukiwa na mvi. Nilikuwa nikimsimulia tena jinsi walivyotudharau, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Kaka yangu, wewe! Wangemchukua kuku, mnada ungeishia hapo. Walilipa, wakamrudisha anunuliwe tena, ili aendelee kunibeba."

Sikucheka naye. Nilikumbuka Jumapili nyingine, Kwa Vonza, na baba mmoja kijana aliyesimama mbele ya kanisa na mtoto mgonjwa begani. Alikuwa ameleta boga moja tu, ndilo lililokuwa la kunadiwa. Nilishinda mara ya kwanza. Mwenye kunadi aliniuliza, "Mzee, unarudisha?" Nikasema la, langu ni langu, nikalikumbatia. Watu walitazamana. Yule baba akanipa mkono, akasema, "Asante sana, mzee."

Sijui kama mtoto wake alifika hospitali. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kufikisha boga nyumbani.