Feni Yangu na Ubeti wa Mwisho

Mpiga kinanda wa kanisa letu alikuwa na nyumba kubwa mtaa wa Jamhuri, Nairobi, kompyuta isiyotoa hata mlio, na ruhusa ya mchungaji kurekodi sauti ya mke wangu. Sasa niambie, wivu ningeukosa wapi?

Kwaya ilikuwa inatoa CD, na mke wangu alikuwa amepewa wimbo mmoja auimbe peke yake. Nami nilikuwa na kompyuta yangu mtaani kwetu Waithaka, ya mitumba, inatumia mfumo wa bure wa Linux, na maikrofoni nzuri kuliko ya yule bwana. Nikaapa wimbo huo utarekodiwa kwangu. Tukajaribu. Ukisikiliza, ungedhani mama wa watu anaimbia kwa mashine ya kusaga unga. Ilikuwa ni feni ya kompyuta.

"Kwake hakuna kelele," mke wangu akasema huku akivua viatu.

Kwake! Hilo neno lilinikaa kooni wiki nzima.

Nikaanza kupigana na hiyo feni. Linux ina programu ya kuipunguza kasi, lakini kwanza inataka kupima feni inazungukaje. Kila nikiiwasha, jibu ni lile lile: hakuna feni inayofanya kazi, vipimo vyote ni sifuri. Sifuri, na huku inanguruma hadi jirani anagonga ukuta! Nikakaa saiba, kwenye intaneti ya kulipia, nikisoma ushauri wa watu nisiowajua, nikabadilisha hiki na kile, nikaitukana. Hata kanisani mahubiri yalinipita. Nilikuwa naangalia tu jinsi yule bwana anavyomwinamia mke wangu ati anampa sauti ya kuanzia wimbo.

Mwishowe nikafungua sanduku la kompyuta. Aibu gani hii! Ile feni ya bei rahisi niliyonunua mjini, River Road, baada ya ya kwanza kufa, ilikuwa na nyaya mbili tu, za umeme. Waya wa tatu, unaoiambia kompyuta feni inazunguka kasi gani, haukuwepo kabisa. Programu ilikuwa inasema ukweli wake. Basi nikaachana nayo, nikawa naandika kasi mwenyewe: namba kubwa ingurume, namba ndogo inyamaze. Nilipoandika ndogo, chumba kilitulia tukasikia kuku wa landilodi.

"Ala, umeweza!" mke wangu akasema. "Yeye huweka kompyuta chumba cha kulala, anapitisha waya wa maikrofoni chini ya mlango."

Kumbe mtu hana ujuzi wowote, ana ukuta! Na mimi wa chumba kimoja nateseka bure.

"Na chumba chake cha kulala umekijulia wapi?" nikauliza.

"Mlango ulikuwa wazi, na kwaya yote ilikuwa hapo," akasema, akanicheka.

Jumamosi mchana akasimama kando ya kitanda, akaimba. Macho yangu yalikuwa kwenye skrini, kwa sababu joto la kompyuta lilikuwa linapanda na hakukuwa na mwingine wa kuongeza feni ila mimi. Nikiongeza, kelele itaingia. Nisipoongeza, mashine itajizima. Nikawaza uso wa yule bwana siku nitakapomkabidhi rekodi safi. Sikuongeza.

Ubeti wa mwisho ulipoanza, skrini ikawa nyeusi, feni ikasimama. Mke wangu alikuwa amefumba macho, hakujua. Sikuwa na kitu kingine cha kuangalia ila yeye. Akauimba ule ubeti polepole, sauti imeshuka, kama anayemwimbia mtu aliye karibu sana. Sikuwahi kumsikia hivyo, hata kanisani. Nikabaki na kidole changu juu ya kibodi iliyokufa.

Akafumbua macho. "Imeshika?"

"Imepotea yote," nikasema. "Enda tu urekodi kwake."

Akaenda. CD ikatoka, watu wakaisifu, na yule bwana akapokea pongezi mlangoni pa kanisa kama baba wa bibi arusi. Wimbo ni safi, siwezi kukataa. Lakini kwa ubeti wa mwisho, mke wangu anaimba tu. Ule wenyewe ninao mimi, masikioni mwangu tu, na hata yule bwana akinipigia magoti simpi.