Kibati Chini ya Boneti

Kila nikinusa mafuta ya taa, huwa nacheka peke yangu.

Shosho, nyanya yangu, alikuwa na pikapu, na jirani yetu pale Wamagana alikuwa na yake; kila mmoja alijigamba kwamba yake ndiyo kongwe zaidi. Siku moja jirani akamwambia mbele ya watu waliotoka kanisani, "Hiyo yako ni mtoto, mama. Logbook yenyewe inasema."

Shosho akawaka. Alisema logbook, ile hati ya usajili, iliandika mwaka pikapu ilipoingia Kenya, si mwaka ilipotengenezwa.

Nikafungua boneti. Ndani kulikuwa na kibati cha kiwandani kilichopakwa rangi ya kijani pamoja na gari zima. Nikakisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka vidole vikaniwasha, na nambari zikajitokeza moja moja. Nikausoma mwaka kwa sauti. Jirani akainama, akausoma mwenyewe, akavua kofia. Pikapu yetu iliizidi yake miaka sita!

Nilipozaliwa, shosho alinipigia vigelegele vitatu, vya msichana. Mvulana hupigiwa vitano. Siku hiyo aliuinua mkono wangu uliojaa rangi, akapiga viwili.

"Sasa ziko tano," akasema.